Ratatui kwenye eya fraya: kwa nini biringanya inakauka huku nyanya ikiogelea

Swali: "Nina eya fraya ya lita 4.5, wati 1500. Nimejaribu kupika ratatouille, ule mchuzi wa mboga wa Kifaransa, kwa maelekezo haya: kata kila kitu vipande, changanya na mafuta, weka nyuzi 180 kwa dakika 20. Biringanya zilitoka ngumu kama ngozi kwa nje na nyeupe kama sifongo kwa ndani, vitunguu viliungua ncha, nyanya zikamwaga maji yote chini ya kikapu. Mara ya pili niliongeza dakika kumi, ikawa mbaya zaidi. Nimekosea wapi? Naweza kutumia entula (nyanya chungu) badala ya biringanya? Na mashine hii haitanimalizia Yaka, umeme wangu wa kulipia kabla?" (Mama wa watoto watatu, Entebbe)

Jibu:

Mama, kosa lilikuwa kwenye maelekezo yenyewe, na zile dakika kumi ulizoongeza zililizidisha tu. Eya fraya, hata ikiitwa kikaangio, ni oveni ndogo yenye feni kali. Koili ya moto iko juu, feni inazungusha upepo wa moto ndani ya kikapu chenye matundu, na upepo huo unafuta unyevu kila unapojitokeza juu ya chakula. Kwa chipsi hilo ni jambo jema. Lakini ratatui (ndivyo jina hilo linavyotamkwa, na ndivyo nitakavyoliandika) ni mboga laini ndani ya mchuzi mzito wa nyanya, na mchuzi hauwezi kuwa mchuzi kama maji yake yanachuruzika kwenye matundu. Ukitia vyote kikapuni kwa pamoja, nyanya inapoteza kile ambacho biringanya inakihitaji, kitunguu kinaiva kabla ya wenzake, na mvuke unaotoka kwenye nyanya unazizuia zukini kupata rangi.

Kwa hiyo gawa kazi. Eya fraya ichome biringanya, zukini na hoho, kila mboga kwa zamu yake. Vitunguu, saumu na nyanya vipikwe kwenye sufuria. Vyote vikutane mwishoni kwa dakika kumi tu. Usidhani hii ni mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya mashine mpya. Chakula hiki ni cha Nice, mji wa pwani ya kusini mwa Ufaransa, na wapishi wanaoshika desturi huko hukaanga kila mboga peke yake kabla ya kuziunganisha. Wako pia wanaotia zote chungu kimoja na kukoroga. Ndani ya jina lenyewe mna kitenzi cha Kifaransa touiller, yaani kukoroga. Hao nao wanakula vizuri, ila njia yao inataka chungu kizito na mfuniko. Kikapu chenye matundu hakiiwezi.

Kwa watu wanne nunua biringanya gramu 500 (mbili za wastani), zukini gramu 400, pilipili hoho mbili kubwa, vitunguu maji viwili, nyanya zilizoiva sawasawa gramu 700 na saumu punje nne. Mafuta yote ni vijiko sita vya chakula na kimoja cha chai. Zukini, ambazo wengi sokoni huziita kojeti, zitafute za urefu wa sentimita 15 hadi 20. Zile nene kama mkono zina moyo wa mbegu wenye maji. Ukizikuta hizo tu, zipasue katikati na ukwangue moyo kwa kijiko. Hoho moja iwe nyekundu au ya njano kama mfuko unaruhusu, kwa sababu ya kijani ni tunda lililochumwa kabla ya kuiva na lina uchungu kidogo. Nyanya nyingi zinazoletwa kwenye masoko ya Nakasero au Kalerwe, Kampala, huchumwa zikiwa bado ngumu ili zihimili safari. Zinunue siku mbili mapema uziache mezani, nje ya friji, mpaka ziwe nyekundu na zibonyee kidogo.

Mafuta ya zeituni ni ghali, wala hayahitajiki kwenye kuchoma. Choma kwa mafuta ya alizeti, kisha mwagia kijiko kimoja cha chakula cha zeituni mwishoni chakula kikishatoka motoni, ambapo harufu yake itabaki. Mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda ni mazuri kwa vyakula vyake, lakini yana harufu yake nzito na yataifunika mboga.

Sasa biringanya, maana ndiyo iliyokushinda na ndiyo inayowashinda wengi. Nyama yake imejaa vijishimo vya hewa kama sifongo. Ikipata moto wa kutosha pamoja na unyevu wake, kuta za vijishimo hivyo huanguka, nyama hujikunja na kuwa laini kama krimu. Upepo mkavu ukiwahi kukausha uso kabla ya ndani kuanguka, unapata ulichokipata: ngozi nje, sifongo nyeupe ndani. Ukiongeza dakika hapo unazidi kukausha tu, kwa sababu maji ya kulainisha yameshaondoka. Mambo matatu yanazuia hilo.

La kwanza ni chumvi. Kata biringanya vipande vya mraba vya sentimita 2.5, visiwe vidogo zaidi, maana vitasinyaa sana. Usimenye. Nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, changanya kwa mkono, acha kwenye chujio nusu saa. Watu husema chumvi inatoa uchungu. Biringanya nyingi za siku hizi hazina uchungu wa kutisha, na faida kubwa ya chumvi ni kwamba inavuta maji na kuanza kuviangusha vile vijishimo kabla ya moto. Biringanya iliyotiwa chumvi inanywa mafuta kidogo na kulainika upesi. Baada ya nusu saa ikamue kwa upole ndani ya kitambaa safi mpaka uso uwe mkavu. Usiioshe. Chumvi iliyobaki ndiyo chumvi ya chakula chako, kwa hiyo sufuria ya nyanya usiitie chumvi mpaka uonje mwishoni.

La pili ni mafuta, vijiko viwili vya chakula kwa gramu hizo 500. Mtu anayetangaza biringanya bila mafuta kwenye eya fraya anakuuzia ngozi. Mafuta yanapeleka joto ndani ya vipande na yanachelewesha uso kukauka. Yatie vipande vikiwa ndani ya bakuli pana, yakimwagwa kwa kuzunguka huku mkono mwingine unageuza haraka. Ukiyamwaga mahali pamoja, vipande vitatu vitayanywa yote na vingine vitabaki vikavu.

La tatu ni nafasi. Kikapu cha lita 4.5 kinabeba vizuri gramu 250 hadi 300 za biringanya, yaani vipande vimetandazwa tabaka moja na vichache juu yake. Gramu 500 ni awamu mbili. Ukirundika zote kwa pamoja, vya katikati vinapikwa kwa mvuke na vya juu vinaungua, halafu unalaumu mashine.

Washa eya fraya tupu nyuzi 190 kwa dakika tatu, kisha tia biringanya, dakika 14 hadi 16, ukitikisa kikapu dakika ya saba. Usiamini saa peke yake. Toa kipande kikubwa kuliko vyote, kikate katikati: ndani pawe na rangi ya majimaji, kama siagi iliyoanza kuyeyuka. Ukiona weupe mkavu katikati, nyunyizia vijiko viwili vya chai vya maji juu ya vipande, punguza hadi nyuzi 170 na uongeze dakika nne. Kuongeza joto hapo kutakurudisha ulikotoka.

Kwa kuwa biringanya inasubiri chumvi nusu saa, anza na hoho. Zikate vipande vya sentimita tatu, kijiko kimoja cha chai cha mafuta, nyuzi 190, dakika kumi. Zitakuwa na madoa meusi pembeni. Hayo ndiyo utamu. Zukini zifuate: nusu duara za sentimita mbili, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, nyuzi 200, dakika nane hadi kumi. Hizi usizitie chumvi kabla, maana karibu asilimia 95 ya zukini ni maji na chumvi itayatoa juu, na uso wenye maji hauwezi kupata rangi ya kahawia hata ukae humo nusu saa. Zitoe zikiwa bado na ukinzani kidogo, kwani zitaendelea kuiva kwenye mchuzi.

Wakati eya fraya inafanya zamu zake, sufuria iko kwenye gesi au sigiri (jiko la makaa). Vijiko viwili vya chakula vya mafuta, vitunguu vilivyokatwa vyembamba, moto mdogo, dakika kumi hadi kumi na mbili mpaka vilegee na kuwa vya dhahabu hafifu. Saumu iliyopondwa, dakika moja tu. Kisha nyanya. Njia ya haraka ya kuziondoa maganda ni hii: kata nyanya katikati, sugua upande uliokatwa kwenye kikwangua chenye matundu makubwa, rojo linaanguka bakulini, ganda linabaki kiganjani. Tia rojo lote, tawi moja la thaimu na jani moja la bei (bay leaf), acha lichemke bila mfuniko dakika 15 hadi 20. Limekuwa tayari ukipitisha kijiko chini ya sufuria na mstari ukabaki wazi kwa sekunde mbili kabla ya kujifunika. Kama mstari unafunikwa papo hapo, bado ni maji. Kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kinasaidia nyanya zilizochumwa mapema, na sukari robo kijiko cha chai kama ukali umezidi.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya Ulaya hayakuambii. Entebbe na Kampala ziko karibu mita 1,150 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kabale, karibu mita 2,000, ni nyuzi 93. Tofauti inaonekana ndogo, lakini mboga mbichi ndani ya mchuzi unaochemka inachelewa zaidi kulainika. Juu ya hilo, asidi ya nyanya inaimarisha ule utando unaoshikilia seli za mboga, ndiyo maana biringanya mbichi iliyotiwa kwenye nyanya inaweza kuchemka dakika arobaini na bado ikawa na ugumu fulani mdomoni. Kwa hiyo kila mboga iwe imeshalainika kabla haijaigusa nyanya. Eya fraya haijali kimo cha mlima kwa namna hiyo. Nyuzi 190 za upepo ni 190 Entebbe na Kabale.

Kuunganisha ni jambo fupi. Mimina biringanya, hoho na zukini ndani ya mchuzi, geuza mara mbili tatu kwa kijiko cha mbao ukitokea chini, funika, moto mdogo kabisa, dakika nane hadi kumi. Usikoroge sana, utapata uji. Onja chumvi sasa. Toa jani la bei, tia majani ya mrihani yaliyochanwa kwa mkono na kile kijiko cha zeituni. Halafu kiache nusu saa kabla ya kupakua. Najua watoto wana njaa, lakini biringanya iliyochomwa inanywa mchuzi inapopoa, na tofauti ya dakika ya kwanza na ya thelathini ni kubwa. Kesho yake ni kitamu zaidi, moto au baridi.

Mrihani usipoupata, mujaaja unafaa, ila kwa uangalifu: ni wa ukoo huohuo lakini una ukali wa karafuu. Majani mawili madogo yatosha sufuria nzima. Majani yoyote makavu au mepesi yasiingie kikapuni hata kidogo, kwa sababu feni itayainua hadi kwenye koili, yataungua huko na chakula kitanuka moshi. Karatasi ya kuokea iliyolala bila uzito juu yake hufanya vivyo hivyo. Binzari ya mchuzi nayo iache kabatini siku hii.

Kama huna jiko la pili la kuweka sufuria, mchuzi unawezekana ndani ya eya fraya yenyewe kwa kutumia bati la keki la kipenyo cha sentimita 16 hadi 18, mradi kuzunguka kwake ibaki nafasi ya sentimita moja au mbili ya upepo kupita. Vitunguu na mafuta, nyuzi 160, dakika kumi na mbili, ukikoroga mara mbili. Kisha nyanya, nyuzi 170, dakika 25 hadi 30, ukikoroga kila baada ya dakika nane, maana juu patakauka na chini patabaki maji. Bati hilo halitapokea mboga zote, hivyo viunganishe vyote kwenye bakuli kubwa la udongo au sufuria yenye mfuniko mchuzi ukiwa bado wa moto. Inafaa, lakini sufuria kwenye sigiri inaishinda njia hii kwa urahisi na kwa ladha, na sioni sababu ya kung'ang'ania mashine moja ifanye yote.

Kuhusu entula. Ni ndugu wa biringanya lakini si mmoja naye: biringanya ni Solanum melongena, asili yake Asia, entula ni Solanum aethiopicum, ya Afrika hapa hapa. Entula ina ganda gumu zaidi, mbegu nyingi na uchungu ambao walaji wake wanautafuta, na nyama yake haianguki kuwa krimu hata uifanyeje. Ndiyo maana inapendeza ikipikwa kwa mvuke juu ya matoke, ndani ya majani ya migomba: unyevu hautoki. Ukiiweka mbichi kwenye eya fraya itakuwa kokoto. Fanya hivi: badilisha chini kidogo ya theluthi moja ya biringanya, yaani gramu 150 za entula kwa gramu 350 za biringanya. Kata entula robo robo, chemsha dakika sita kwenye maji yenye chumvi, chuja, kausha, tia mafuta, kisha nyuzi 180 kwa dakika kumi. Chagua nyeupe au za kijani hafifu. Zilizoanza kugeuka njano au nyekundu zimekomaa, na uchungu na mbegu vimezidi. Katunkuma, yale matunda madogo machungu ya jamii hiyo, usijaribu. Uchungu wake utakuwa ndio chakula.

Upande wa Yaka, hesabu ni nyepesi. Wati 1500 kwa saa nzima bila kupumzika ni uniti 1.5. Zamu zako zote, yaani zamu moja ya hoho, mbili za zukini kama kikapu hakitoshi, na mbili za biringanya, ni kama dakika 60, lakini kipimajoto kinakata koili kila joto linapofika, kwa hiyo matumizi halisi yatakuwa chini ya hapo, uniti moja na kitu. Soma namba kwenye mita kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, utajua ya mashine yako. Ukipika zamu mfululizo bila kuacha kikapu kipoe, unaokoa ule muda wa kupasha.

Kinachoharibu chakula kuliko bei ni umeme dhaifu wa jioni. Nguvu ya koili inashuka kwa mraba wa volti: mashine ya volti 240 ikipata volti 200, koili inatoa karibu asilimia 70 tu ya nguvu yake. Utaona feni inazunguka, taa inawaka, na biringanya inakauka polepole bila kupata rangi. Kama taa za nyumba zimefifia, choma mchana au ongeza robo ya muda na uthibitishe kwa kukata kipande. Mashine hii inavuta zaidi ya ampea sita, hivyo ichomeke ukutani moja kwa moja. Zile ekstensheni nyembamba zenye matundu sita hupata moto, hasa birika likiwa limechomekwa humo humo. Umeme ukikatika biringanya ikiwa katikati, usiiache ndani ikingoja. Ihamishie kwenye sufuria, kijiko cha maji, funika, moto mdogo. Itamalizika ikiwa laini, bila ule uso wa kahawia, na chakula hakitaharibika.

Kwenye friji kinakaa siku tatu, ndani ya chombo chenye mfuniko. Kipakue na wali, posho (ugali), au mkate wa kukausha mchuzi sahanini. Kinachobaki asubuhi kinaingia vizuri ndani ya rolex, ile chapati iliyoviringishwa na yai, ila kipashe kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka maji yapungue, kisha kitandaze juu ya yai lililoshika. Ukikitia kama kilivyotoka kwenye friji, chapati italowa na kukatika mkononi.